Siku Gari Lisilo na Klachi Lilipopita Kilima

Kwa miaka miwili mguu wangu wa kushoto haukufanya kazi yoyote, na sikuwa mgonjwa. Nilikuwa dereva wa gari lisilo na klachi.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado unanukia rangi mpya, na katika pande zetu zote, kuanzia Homa Bay hadi Migori, sikujua gari lingine la namna ile. Lilikuwa gari la Kimarekani, refu, zito, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Wapima barabara walikuwa wamelitumia porini miaka kadhaa mpaka wakalichosha, ndipo likapewa misheni yetu ya Homa Bay libebe kliniki. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Kiti cha mbele kilikuwa na tundu ambamo panya aliwahi kuzaa. Lakini ukiliwasha asubuhi lilinguruma taratibu, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema neno la maana, na mimi nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Giaboksi yake ilikuwa otomatiki. Unavuta mkono mdogo ulio kwenye usukani, unakanyaga mafuta, basi. Gia zinajibadilisha zenyewe huko chini. Fundi wa gereji ya pale Homa Bay, mtu aliyekuwa amefungua na kufunga malori tangu mimi sijaota meno, alilijia siku ya kwanza akachungulia chini ya usukani. Akahesabu pedali. Akahesabu tena.

"Omera," akaniambia, na kwetu hilo ni neno la kumwita rafiki, "pedali moja imeibwa."

"Hapana, Fundi. Liliundwa hivyo."

"Gari bila klachi ni bwana harusi bila mikono. Utaona mwenyewe."

Mimi elimu yangu iliishia darasa la saba. Kutoka hapo nilipakia robota za pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na dereva wa lori la pale akanifundisha kuendesha kwa sababu alipenda kulala njiani. Kichwani mwangu, hata hivyo, nilikuwa nimeshafika mbali. Nikiwa juu ya robota nilijiona rubani. Misheni walipotafuta dereva nilikwenda mbio bila kubadilisha shati, nikasimama mbele yao nimejaa nyuzi nyeupe kichwa kizima kama mzee, nao wakanichukua. Nadhani walinionea huruma.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila Alhamisi nilimbeba Sista, mkunga wetu, pamoja na mizani, madaftari na sanduku la barafu lenye dawa za chanjo. Tulitoka Homa Bay, tukapanda kwenda Ndhiwa, tukafika Migori, kisha tukateremka hadi Muhuru, kule ziwani karibu na mpaka wa Tanzania. Kina mama walitungoja huko pembeni ya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa. Sista alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na ulimi wa kumkata mtu bila damu kutoka. Ndiye aliyekuwa akinifundisha Kiingereza njiani, neno moja kwa kila kilima.

Mwaka huo Muhuru kulikuwa na mapacha. Walizaliwa wadogo kama vifaranga wa njiwa, na mama yao aliwabeba kwa miguu kutoka mbali ili Sista awapime. Wakiongezeka kidogo tu, Sista alipiga vigelegele, na mimi huko kwenye gari nilipiga honi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, na sikuona ni nani angeweza kuwa na maisha mazuri zaidi.

Halafu tukagonga jiwe.

Lilikuwa limejificha kwenye tope jeusi la Ndhiwa, na likaibonyeza sampu ya giaboksi, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ambalo hushika oili. Oili ilianza kudondoka, nyekundu. Walioiona barabarani walinipa pole kama niliyefiwa, maana walidhani gari linatoka damu. Tukajikokota hadi gereji. Fundi akafungua sampu, akaigonga kwa nyundo mpaka ikanyooka, akakata gasketi mpya ya kuzuia oili isivuje. Mimi nikajitolea kusafisha. Nilitaka kuonyesha kwamba ninalipenda gari. Nikaleta fungu la pamba nyeupe, laini, kutoka kwa rafiki zangu wa kiwandani, nikapangusa sampu, nikapangusa kila kilichoonekana juu yake, mpaka nikaona meno yangu kwenye chuma. Fundi akanisifu. Tukafunga, tukamimina oili nyekundu mpya, na kwa Alhamisi mbili gari likatembea kama mbuzi aliyekatwa kamba.

Alhamisi ya tatu likakataa kilima.

Kilikuwa kilima kimoja kabla ya Ndhiwa, wala si kikubwa. Tulifika katikati yake nikasikia sauti nyembamba kutoka chini, kama mbu aliyeingia kwenye debe. Mara injini ikapiga kelele na gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia zaidi, magurudumu yakakaa kimya. Lilikuwa kama mtu anayekuitikia "naam, naam" na hainuki. Nikavuta breki ya mkono.

"Tumefika?" akauliza Sista.

"Bado, Sista."

"Basi mwambie mwenzako."

Tukashuka. Hapo juu ya kilima palikuwa na kibanda cha mama mmoja muuza chai, akatuita tukae. Baada ya vikombe viwili nikaliwasha tena, nikavuta mkono hadi kwenye D, ya kwenda mbele, na gari likaondoka bila neno, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tumechoka. Tulipokaribia Migori likakataa tena. Tukangoja, likaenda. Tulifika Muhuru jua limepinda, na barafu kwenye sanduku ilikuwa maji.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Mama wa chai alipoona vumbi letu alikuwa anaweka sufuria motoni. "Gari lenu limekula kiapo hapa," akasema. "Haliwezi kunipita bila kunisalimu." Wapita njia walikuja na ushauri wao. Mmoja alisema limeona nyoka. Mwingine alisema limezoeshwa kupumzika na wapima barabara, na tabia haina dawa. Vijana wanne walitusukuma kwa moyo safi hatua kumi, kisha wakakaa juu ya bampa kusikilizia migongo yao.

Alhamisi ya nne ya ugonjwa huo hatukufika kabisa. Juma lililofuata mama wa mapacha alimwambia Sista, bila hasira, "Tuliwangoja mpaka omena zikaanuliwa." Ni hilo tu. Mimi nililisikia nikiwa nimeshika mizani, na nikaona aibu kama ni mimi niliyekaa njiani nikakunja mikono.

Nikaamua kulitafuta hili tatizo mpaka nilishike mkia.

Nilianza na oili. Fundi alikuwa akiipima kama alivyopima oili ya injini ya lori: anazima gari, anangoja, anachomoa kijiti, anatazama alama. Kila mara alisema, "Imejaa. Oili si kosa." Lakini ndani ya gari kulikuwa na kitabu chake, cha Kiingereza, kilichotafunwa pembeni na yule panya. Sista na mimi tulikisoma kwenye ngazi ya zahanati, kidole changu chini ya mstari, kidole chake juu.

"Soma hapa," akasema.

"Injini... iwe... inazunguka."

"Ehe. Na hapa?"

"Gari likiwa na joto. Mahali tambarare." Nikainua macho. "Sista! Tumekuwa tukipima limelala!"

Ndivyo ilivyokuwa. Ukizima injini, oili iliyo juu ndani ya giaboksi inateremka na kujaza sampu, na kijiti kinakudanganya kwamba imejaa. Nililiendesha mpaka likapata moto, nikaliweka kwenye uwanja wa kanisa ambako ni sawa kama meza, injini ikizunguka na breki imevutwa, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa chini ya alama. Nikaruka. Watoto wa shule ya Jumapili waliruka pamoja nami bila kujua kwa nini. Nikaongeza kidogo kidogo mpaka ikafika mahali pake, nikalala usiku huo kama mfalme.

Alhamisi likakataa kilima.

Lilikwenda hatua chache zaidi ya kawaida, hilo nalitetea. Lakini sauti ya mbu ilikuja, na likaishiwa nguvu. Nilipopima palepale, injini ikizunguka, kijiti kilitoka na povu. Fundi alipoambiwa akasema, "Sasa umejaza kupita kiasi. Ndiyo maana linatoa povu." Nikapima tena kwenye uwanja wa kanisa, alama ilikuwa sawasawa. Povu lile likaniingia kichwani likakaa.

Nikageukia fimbo ndogo inayotoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye giaboksi. Kitabu kilisema hiyo ndiyo huiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani. Pini yake ilikuwa imelika, inacheza kama jino la mtoto. Nikapata pini nyingine, nikairekebisha kama picha inavyoonyesha. Gia zikaanza kubadilika vizuri, hata Sista akaniambia hamwagi tena chai yake. Lakini kilimani? Chai tuliinywa kwenye kibanda.

Hapo ndipo Katibu wa misheni aliponiita. Alikuwa mzee mpole, mtu wa kanisa, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake ukutani palikuwa na ubao wa ratiba ya kliniki, na neno Muhuru limeandikwa kwa chaki kwenye Alhamisi.

"Mwanangu, dawa zinaharibika njiani," akasema. "Siwezi kuwachanja watoto wa watu maji ya moto. Alhamisi ijayo nitapanda mimi mwenyewe. Gari likitufikisha Muhuru bila kusimama, tunaendelea. Likisimama, nitaliuza kwa wanunuzi wa vyuma, na Muhuru nitaifuta hapa."

"Na kina mama, Mzee?"

"Watafute njia ya kuja Migori."

"Kuna mmoja ana mapacha. Anatembea tayari nusu siku."

Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Najua," akasema. "Basi litengeneze."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyumbani karibu na Ndhiwa, kichwa chini. Nilipita kumsalimu babu yangu, ambaye tunamwita kwara. Nilimkuta na wazee watatu wa rika lake wamekizunguka chungu cha pombe ya wimbi. Mimi ni mtu wa chai, lakini salamu ni salamu, nikakaa kwenye kigoda pembeni. Kila mzee alikuwa na oseke yake, mrija mrefu kama ufito wa kuvulia samaki. Ncha inayoingia chunguni imevikwa kikapu kidogo kilichosukwa, kichujio, ili unywe pombe bila kumeza makapi.

Babu alikuwa na vita na oseke yake. Alivuta mpaka mashavu yakabonyea.

"Nani ametia mchanga kwenye upande wangu?"

"Chungu hakina pande," akasema jirani yake. "Mapafu yako ndiyo yamestaafu."

Babu akaiachia oseke, akamtolea jirani maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana Sista atasoma haya. Kisha akavuta tena, na pombe ikaja. Akameza mara moja, mara mbili, mara tatu, akafumba macho kwa raha. Halafu ikatoka sauti nyembamba, kama mbu kwenye debe, na povu likamjaa mdomoni.

Nikainua kichwa.

"Nanyonya upepo!" babu akafoka. "Angalia, ukivuta, makapi yote yanakimbilia kuziba mlango. Ukiacha yanashuka kulala. Ukivuta tena, yanarudi. Mke wa nani alikoroga hii pombe?"

"Kwara," nikasema, "rudia."

"Mke wa nani alikoroga..."

"Sio hiyo. Ya makapi."

Babu akawatazama wenzake. "Darasa saba," akasema. "Ng'ombe wawili niliuza. Na sasa mjukuu anakuja kuniuliza jinsi ya kunywa."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Ukivuta, makapi yanaziba. Ukiacha, yanashuka. Nusu saa na vikombe viwili vya chai, yanashuka! Kitabu kilikuwa na picha ya pampu ya giaboksi, na pampu ile ilivuta oili kutoka kwenye sampu kupitia chujio la waya laini. Giaboksi yangu ilikuwa mzee kwenye chungu. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inanyonya upepo. Nikamshika babu mikono yote miwili nikamshukuru, nikaondoka mbio, na nyuma yangu nikamsikia akisema, "Hata hajala. Mwacheni, labda ni mwanamke."

Jumatatu asubuhi nilimweleza Fundi. Akakataa kabla sijamaliza.

"Sampu ile tuliifunga kwa mikono hii. Ilikuwa safi kuliko sahani za nyumbani kwangu. Makapi yatoke wapi?"

"Sijui, Fundi. Lakini oseke ikiziba unafanya nini?"

"Naichomoa natazama."

"Unaita mtu wa kununua vyuma?"

Akaweka spana chini. Pembe moja ya mdomo wake ikapanda. "Lete jeki," akasema.

Tulitandaza turubai, tukaosha beseni ya bati kwa petroli, tukaingia chini ya gari wawili, bega kwa bega. Fundi akalegeza bolti za upande mmoja, oili ikashuka nyekundu ndani ya beseni. Kisha akaishusha sampu polepole. Juu yake, kwenye mdomo wa pampu, palitakiwa pawe na chujio la waya. Sikuona waya. Niliona kofia. Kofia nene ya kijivu, imelibana chujio lote kama ile ya mtoto mchanga wakati wa mvua.

Fundi akaikwangua kwa ukucha, akaisokota kati ya vidole viwili, akatoka nayo nje kwenye mwanga. Ikavutika ikawa uzi.

"Omera," akasema polepole. "Hii ni pamba."

Nilibaki nimelala chini ya gari. Pamba nyeupe, laini, ya rafiki zangu. Nyuzi zake zilikuwa zimeshikwa na chuma kilichokwaruzwa na nyundo. Oili ilipozunguka ikazikusanya, na pampu ikazivuta mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyelilisha gari makapi. Vikombe vyote vile vya chai, barafu iliyoyeyuka, mama aliyengoja mpaka omena zikaanuliwa, vyote vilitoka kwenye mkono wangu uliotaka kuonyesha mapenzi.

"Fundi, ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyepangusa."

Aliiweka ile pamba juu ya turubai. Kisha magoti yake yakapinda na uso wake ukatokea pembeni ya gurudumu.

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi? Nilikuona na pamba mkononi nikakusifu. Miaka yote napangusia malori pamba. Lori linaisaga, linaendelea. Hili lako lina koo jembamba." Akaninyooshea mkono kunivuta. "Toka huko. Mtu halii chini ya gari, oili inaingia machoni."

Sasa tulijua adui. Lakini oili nyekundu mpya ilikuwa imekwisha kote Homa Bay, na ile ya kwenye beseni ilikuwa imejaa nyuzi. Ilibidi ichujwe, na si kwa kitambaa, maana kila kitambaa tulichonacho kilikuwa cha pamba. Nilikwenda kwa Sista nikamweleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unahitaji kitu kisicho na nyuzi za kukatika."

"Ndiyo, Sista."

Akaingia chumbani kwake, akatoka na soksi ndefu za nailoni, zile alizovaa kanisani siku za Krismasi na Pasaka, zimekunjwa kwenye karatasi yake. Akanipa akiangalia pembeni.

"Usimwambie Katibu."

"Sitasema, Sista."

"Na usinirudishie."

Tukaichuja oili kupitia soksi moja, kisha kupitia ya pili, polepole, siku nzima ya Jumanne. Wateja wa gereji wakasimama kutazama. "Fundi siku hizi anatengeneza chai?" mmoja akauliza. "Ndiyo," Fundi akajibu, "lete kikombe." Chujio niliosha kwa petroli mara tano, nikalitazamisha juani mpaka nikaweza kuona ziwa kupitia matundu yake. Sampu niliosha kwa kiganja kitupu. Hakuna aliyepangusa chochote. Tuliacha vyuma vikauke kwa upepo wa ziwa, na Fundi alikaa kando yake na kijiti, anafukuza kuku.

Jumatano tukafunga. Nikapima oili gari likiwa na moto, injini ikizunguka, kwenye uwanja wa kanisa. Sikuona povu. Sikulijaribu kilimani. Niliogopa, nasema kweli.

Alhamisi Katibu alikaa mbele na kalamu zake mbili, Sista katikati, mimi kwenye usukani. Fundi naye alijitokeza bila kualikwa, akapanda nyuma kati ya mizani na sanduku la barafu. "Mgonjwa wangu," akasema. Kilima kikaonekana.

Nilikanyaga mafuta. Gari likabadilisha gia lenyewe, likainamisha pua, likaanza kupanda. Nilikuwa nasikiliza mbu kwa mwili mzima. Tulifika pale katikati. Sista alikuwa ameshika goti langu lisilo na kazi na alikuwa analifinya. Mbu hakuja. Tulipita jiwe ambalo siku zote niliwekea gurudumu lisirudi nyuma. Kibanda kikatokea, na mama wa chai akatoka nje amebeba sufuria yake, tayari. Nikapiga honi. Hakuelewa. Tulipompita tukiwa na mwendo, alibaki mdomo wazi, kisha akaiweka sufuria chini na kupiga vigelegele vilivyotufuata hadi upande wa pili. Fundi alikuwa akigonga paa kwa ngumi. Katibu alisema kwa utulivu, "Tazama barabara, mwanangu," kwa sababu nilikuwa nimesahau.

Ndhiwa tukaipita. Migori tukaipita, daraja na soko na ng'ombe wa Wakuria waliosimama katikati ya njia kama wenye hati ya shamba. Kwenye mteremko wa kwenda Muhuru nilianza kuimba, Sista akaidaka sauti, Fundi akatia besi isiyohusiana. Tulipofika, omena zilikuwa bado zinamwagwa juu ya nyavu, mbichi, zinang'aa. Hatukuwahi kufika mapema hivyo. Kina mama wengine walikuwa hawajaja. Katibu akafungua sanduku mwenyewe, akaingiza mkono, akatoa kipande cha barafu kikubwa kama ngumi, akakitazama kama mtu aliyeokota jino lake la utotoni.

Mama wa mapacha alifika baadaye, na akasimama mbali kwanza, kana kwamba tungeweza kutoweka. Sista alimpima wa kwanza, akapiga vigelegele. Akampima wa pili, akapiga zaidi. Nilikimbilia honi, lakini Katibu alikuwa ameshanitangulia, na aliipiga kwa muda mrefu kuliko heshima ya kanisa inavyoruhusu.

Jioni wakati wa kurudi, jua lilikuwa bado juu ya milima, tukafika kwenye kilima chetu kutoka upande wa pili. Mama wa chai alisimama barabarani, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo sasa mmekuwa watu wakubwa," akapaza sauti. "Chai yangu mnaionea kinyaa!"

Nikamtazama Katibu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikavuta mkono hadi kwenye P, ya kuegesha, nikazima injini mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na tukashuka wote wanne kunywa chai.